Jina Moja, Vitabu Sita

Mgonjwa anayekwenda zahanati katika vijiji vya Bushubi, upande ule wa wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, ambao mji wake ni Rulenge, hupita kwanza dukani. Ananunua daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, kisha anakwenda nalo kwa mganga. Humo ndimo yataandikwa maelezo ya ugonjwa, majibu ya kipimo na dawa alizopewa, na akimaliza atarudi nalo nyumbani. Mara nyingi daftari moja hutumikia nyumba nzima: ukurasa huu homa ya kitinda mimba, ukurasa unaofuata presha ya bibi, katikati hesabu za mbegu za maharage. Likilowa mvua, historia ya afya ya familia imekwenda nalo.

Zahanati nayo ina vitabu vyake. Tuseme aliyefika ni mtoto wa darasa la pili mwenye malaria, ugonjwa unaoisumbua Kagera kuliko mikoa mingi ya nchi. Jina lake litaandikwa kwenye daftari lake. Litaandikwa tena kwenye kitabu namba 5 cha MTUHA, kile cha wagonjwa wa nje. Akipimwa, litaingia kwenye rejista ya maabara. Akipewa dawa, kwenye rejista ya dawa. Kama familia ina bima litajazwa kwenye fomu ya madai, na kama inalipa taslimu litaandikwa kwenye stakabadhi. Mwisho wa mwezi mtoto huyo anageuka kuwa kistari kimoja kwenye karatasi ya tali, na vistari hivyo vinahesabiwa vitano vitano hadi ripoti ipatikane. Jina moja limeandikwa sehemu sita, na aliyeshika kalamu kwenye sehemu nyingi ni muuguzi yule yule anayetakiwa pia kuchoma sindano, kuzalisha na kupokea wageni kutoka wilayani.

MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulienezwa nchini katika miaka ya 1990, na kwa wakati wake ulikuwa hatua kubwa: kwa mara ya kwanza zahanati ya kijijini na hospitali ya mkoa ziliandika mambo yale yale kwa namna ile ile. Mwaka 2013 wilaya zote zilikuwa zimeanza kuingiza ripoti hizo kwenye DHIS2, programu iliyoasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway na kusimikwa hapa kwa msaada mkubwa wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wizara ikaweza kuona idadi ya wagonjwa wa kila wilaya bila kusubiri bahasha ya basi. Lakini kilichoingia kwenye kompyuta ni jumla tu. Mgonjwa mwenyewe alibaki kwenye karatasi, na muuguzi hakupunguziwa hata mstari mmoja.

Ndiyo maana mtu akisema kumbukumbu za kielektroniki hupunguza gharama na makaratasi, swali la kumuuliza ni moja: kitabu gani kimefungwa? Kompyuta iliyowekwa mezani huku vitabu sita vikiendelea kujazwa imeongeza kitabu cha saba, tena kinachotaka umeme, intaneti na fundi. Akiba huanza pale mganga anapoandika mara moja, na maabara, dirisha la dawa, mhasibu, bima na ripoti ya mwezi wote wakachota kutoka maandishi hayo hayo.

Ushahidi kwamba hilo linawezekana katika mazingira ya kijijini haujatoka Ulaya. Umetoka Mosoriot, kituo cha afya kilicho Nandi nchini Kenya, si mbali na mji wa Eldoret. Februari 2001, madaktari na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani waliwasha pale mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta, mmoja wa mifumo ya kwanza ya aina hiyo kusini mwa Sahara. Haukuwa na mbwembwe: programu ya kawaida ya ofisini, kompyuta ya kawaida, na betri ya kuishikilia umeme unapokatika. Baadaye watafiti walirudi na saa mkononi wakapima muda. Ziara ya mgonjwa ilikuwa fupi kwa asilimia 22. Muda ambao mhudumu alitumia kwa kila mgonjwa ulipungua kwa asilimia 58, na muda wa mgonjwa kukaa kwenye benchi akisubiri ulipungua kwa asilimia 38. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2003 na yananukuliwa hadi leo.

Kuna jambo jingine ndani ya ripoti hiyo ambalo wanaoinukuu hulipita haraka. Wahudumu wa Mosoriot walipookoa muda, sehemu ya muda huo waliitumia kwa shughuli zao binafsi. Hakuna wa kuwalaumu. Mtu aliyeandika kutwa nzima kwa miaka ana haki ya kunywa chai. Ila kwa mwenye kutafuta akiba, habari hiyo ina uzito. Saa aliyookoa muuguzi haigeuki kuwa fedha yenyewe kwa yenyewe. Inakuwa fedha pale kituo kinapoitumia kuona wagonjwa zaidi, au kinapoacha kuajiri kibarua wa kujumlisha tali kila mwisho wa mwezi.

Kazi ya Mosoriot ilizaa mambo makubwa zaidi. Mwaka 2004 watu wa Indiana waliungana na shirika la Partners In Health na kuanzisha OpenMRS, programu huria ambayo mtu yeyote anaweza kuichukua na kuibadilisha bila kulipa leseni. Moja ya nchi za kwanza kuitumia ni Rwanda, katika hospitali ya Rwinkwavu, jimbo la mashariki. Mtu anayesimama kwenye daraja la Rusumo upande wa Ngara anaitazama wilaya ya Kirehe, ambako shirika hilo hilo linafanya kazi na hospitali ya wilaya. Kwa maneno mengine, wakati wa Rulenge wakibeba madaftari, jirani zao ng'ambo ya mto Kagera walikuwa wameshaanza kuandikwa kwenye kompyuta. Mara nyingi huku kwetu hudhaniwa kwamba teknolojia ya namna hii hushuka kutoka Dar es Salaam. Kwa Ngara, ilikuwa karibu zaidi kuitazama kutoka mpakani.

Fedha je? Hapo hesabu iliyo wazi kuliko nyingi inatoka Malawi. Mwaka 2013 watafiti walichapisha makadirio ya faida ya mfumo wa kielektroniki katika Hospitali Kuu ya Kamuzu, Lilongwe. Waliangalia mambo matatu tu: siku ambazo mgonjwa hulazwa zaidi ya inavyohitajika kwa sababu taarifa zake hazijakamilika, muda wa watumishi kunakili maandishi, na vipimo vya maabara vinavyorudiwa bila sababu. Walipata akiba ya dola za Marekani 284,395 kwa mwaka, na wakakadiria kwamba hospitali ingeanza kupata faida mwaka wa tatu baada ya kulipa gharama za kuanzia. Haya ni makadirio ya kitabuni, hayajatoka kwenye akaunti ya benki. Tena hospitali hiyo ni ya rufaa, inayolaza wagonjwa wengi. Zahanati yenye vitanda viwili vya kujifungulia haiwezi kuota akiba ya siku za kulazwa. Hata hivyo mambo matatu waliyoyachagua yanaonyesha fedha hujificha wapi.

Marekani ni funzo la upande wa pili. Mwaka 2005 wachambuzi wa taasisi ya RAND walitabiri kwamba kumbukumbu za kielektroniki zingeipunguzia nchi hiyo zaidi ya dola bilioni 80 kwa mwaka. Serikali ikaitikia, na sheria ya mwaka 2009 ikamwaga mabilioni ili hospitali zinunue mifumo. Mwaka 2013 watafiti wa taasisi ile ile waliandika kwamba akiba iliyotabiriwa haijaonekana: mifumo haisomani, ni migumu kuitumia, na hospitali hazikubadili namna ya kufanya kazi. Utafiti mwingine wa mwaka 2016 uligundua kwamba kwa kila saa moja ambayo daktari wa wagonjwa wa nje alikaa na mgonjwa, alitumia karibu saa mbili nyingine kwenye kompyuta na kazi za mezani. Sehemu ya maandishi hayo ilimhusu mlipaji kuliko mgonjwa, kwa sababu mfumo wa malipo wa nchi hiyo unadai kila hatua ithibitishwe kwa maandishi.

Uingereza nayo ilianza mpango wa kitaifa mwaka 2002 na kuuvunja mwaka 2011 baada ya kuteketeza mabilioni ya pauni. Nchi tajiri inaweza kukosea kwa kiwango hicho na kuendelea kutibu watu. Ngara haina nafasi hiyo.

Sasa turudi Kagera, kwenye mahali ambapo karatasi inauma kuliko kwingine kote, nako ni kwenye madai ya bima. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi 2001. Hospitali humhudumia mwenye kadi kwanza, hulipwa baadaye. Kinachoileta fedha ni fomu: jina, namba ya kadi, ugonjwa kwa namba yake ya kimataifa, kila kipimo na bei yake, kila dawa na idadi yake, sahihi ya daktari, sahihi ya mgonjwa. Kasoro moja inatosha. Daktari amesahau kusaini, au ameandika malaria huku dawa iliyotolewa ni ya vidonda vya tumbo, au karani amekosea tarakimu moja ya kadi. Dai linakatwa, na dawa zilishamezwa. Watumishi wana neno lao fupi kwa siku hiyo: "tumekatwa." Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikirudia mwaka baada ya mwaka habari ya madai yaliyokataliwa kwa makosa ya kujaza fomu.

Mfumo wa kielektroniki uliopangwa vizuri hauruhusu fomu hiyo kufungwa ikiwa na pengo. Bei inatoka kwenye orodha iliyomo ndani, namba ya ugonjwa inachaguliwa, dawa ikiwa haiendani na ugonjwa onyo linatokea mgonjwa angali amekaa kitini. Hakuna uchawi hapo. Ni ukarani tu uliowekwa mahali pake. Kwa hospitali ya misheni isiyo na mfuko wa akiba, tofauti kati ya dai lililolipwa na dai lililokatwa ndiyo mshahara wa muuguzi au lita za dizeli za jenereta.

Na hospitali za misheni ndizo zinazobeba mzigo katika pembe hii ya nchi. Rulenge kuna hospitali ya Kanisa Katoliki. Murgwanza, karibu na mji wa Ngara, kuna ya Kanisa Anglikana. Biharamulo, hospitali ya Kanisa Katoliki iliteuliwa miaka mingi iliyopita kuwa hospitali teule ya wilaya, maana yake kanisa linamiliki majengo nayo serikali inachangia watumishi na fedha. Ngara ina pia hospitali yake ya serikali, Nyamiaga. Wamiliki tofauti, na kwa hiyo mara nyingi mifumo tofauti. Vituo vya serikali chini ya TAMISEMI vimepewa GoT-HoMIS, mfumo uliotengenezwa hapa hapa nchini kwa ajili ya kusajili wagonjwa, kukusanya mapato na kuendesha madai. Makanisa yalitangulia kwa njia yao: hospitali za Kilutheri kama Haydom mkoani Manyara zilichukua programu huria ya Care2x na kuirekebisha kwa mahitaji yao. Muhimbili ilikuwa na mfumo wake. Kila mmoja alifanya la maana, na matokeo yake ni nchi ambayo mgonjwa anaweza kuwa kwenye kompyuta mbili za wilaya moja bila kompyuta hizo kujuana.

Serikali yenyewe imeliona. Wito kwamba "mifumo isomane" umekuwa wimbo wa viongozi kuanzia Ikulu hadi halmashauri. Ukitaka kuelewa kwa nini, kaa na mganga mfawidhi wa zahanati na umwombe aorodheshe anachotakiwa kujaza. Kuna ripoti za MTUHA zinazokwenda DHIS2. Kuna maombi ya dawa kwa Bohari ya Dawa yanayokwenda kwenye mfumo wa ugavi. Wenye virusi vya Ukimwi wana kadi ya CTC1 wanayokaa nayo na ya CTC2 inayobaki kliniki, na kanzidata yao peke yake. Chanjo zina mfumo wake. Tangu fedha zianze kupelekwa moja kwa moja vituoni, kuna mfumo wa hesabu uitwao FFARS. Magonjwa ya mlipuko yanaripotiwa kwa simu. Kila mfadhili alipokuja na ugonjwa wake alikuja na fomu yake, na alipoondoka fomu ilibaki. Hili ndilo eneo ambalo kompyuta imeongeza karatasi badala ya kuipunguza: mtumishi hujaza kitabu, huingiza kwenye mfumo, halafu huchapisha alichoingiza ili kiwekwe kwenye faili la ukaguzi.

Kwamba kazi inaweza kupangwa tofauti, Dodoma imeonyesha. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulifanyiwa marekebisho kwa msaada wa Waswisi, na ukatengenezewa mfumo wa kusimamia wanachama na madai. Afisa mwandikishaji alipita nyumba kwa nyumba na simu, akapiga picha ya kila mwanafamilia, na picha hizo zikaonekana kituoni siku mgonjwa anapofika. Udanganyifu wa kuazimana kadi ukawa mgumu, na orodha ya wanachama ikaacha kuwa rundo la vitabu vya stakabadhi. Mfumo huo ulipewa baadaye jina la openIMIS na ukatolewa bure kwa dunia. Nepal na Cameroon zimeutumia. Hapa nyumbani, CHF iliyoboreshwa ilienezwa kwa kiwango cha shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Fedha hiyo ni ndogo mno kuweza kulipia ukarani wa mkono. Kama kushughulikia dai moja la karatasi kunagharimu karibu sawa na dai lenyewe, mfuko umekufa kabla ya kuzaliwa, na kwa bima ya watu maskini kompyuta inakuwa sharti la kuwapo.

Akiba nyingine ni ya mgonjwa mwenyewe, na hii haionekani kwenye vitabu vya hospitali. Mtu wa Rulenge akipewa rufaa anaweza kwenda Bukoba, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Chato, au Bugando jijini Mwanza. Ni safari ya basi ya saa nyingi. Anabeba bahasha yenye barua ya daktari, pengine na picha ya eksirei iliyokunjwa. Akifika, barua haisomeki au majibu ya maabara hayakuambatishwa, na vipimo vinaanza upya: picha kamili ya damu, utrasaundi, kila kimoja na bei yake, na siku moja zaidi ya kulala mjini kwa ndugu au gesti. Hospitali inayorudia kipimo haipotezi kitu, inaingiza. Ndiyo sababu akiba hii haitatafutwa na hospitali yenyewe, itabidi itafutwe na mlipaji, yaani bima, au na wizara. Taarifa za rufaa zikitangulia kwa mtandao, mgonjwa husafiri na jina lake tu.

Jina nalo lina vituko vyake. Katika lugha za Kihangaza na Kishubi, na zaidi katika masikio ya makarani waliotoka mikoa mingine, R na L hubadilishana viti bila taarifa: Ruhinda wa Januari ni Luhinda wa Machi. Mtu huyo huyo ana jina la ubatizo kwa padri, jina la ukoo kwa mwenyekiti wa kitongoji, na jina la tatu kwenye kadi ya mpiga kura. Wazee wengi wamezaliwa tarehe 1 Januari, kwa mujibu wa makarani. Kwenye kitabu cha karatasi makosa haya hayamsumbui mtu kwa kuwa hakuna anayerudi kutafuta. Kwenye kompyuta yanazaa wagonjwa watatu kutoka kwa mmoja, kila mmoja na nusu ya historia. Namba ya kitambulisho cha taifa ingesaidia, ila watoto wengi hawana, na katika wilaya zinazopakana na Rwanda na Burundi uhakiki wa uraia unaweza kuchukua muda mrefu. Kuna pia wagonjwa wanaovuka mpaka wa Kabanga au Rusumo, na hospitali haiwezi kumwacha mjamzito mlangoni kwa sababu mfumo unadai tarakimu ishirini.

Ngara inaijua vizuri kazi ya kuandikisha watu. Mwishoni mwa Aprili 1994, karibu watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya takriban saa ishirini na nne wakikimbia kutoka Rwanda, na kambi ya Benaco ikawa kwa muda moja ya makazi makubwa ya Tanzania. Chakula kiligawiwa kwa kadi, na ubishi juu ya nani ameandikwa mara mbili na nani hajaandikwa ulikuwa wa kila siku.

Miaka thelathini baadaye wilaya jirani ilikumbana na uandikishaji wa aina nyingine. Tarehe 20 Januari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza kuwapo kwa virusi vya Marburg Biharamulo. Ulikuwa mlipuko wa pili Kagera baada ya ule wa Bukoba mwaka 2023. Hadi unatangazwa kwisha tarehe 13 Machi, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 10, wawili wamethibitishwa kwa maabara na wanane wakidhaniwa, na wote walifariki. Mgonjwa wa kwanza alianza kuumwa tarehe 9 Desemba 2024. Zaidi ya mwezi ulipita kabla ya tangazo. Watu 281 waliokuwa wamekutana na wagonjwa walifuatiliwa kwa siku 21 kila mmoja. Kazi hiyo ni ya kumbukumbu kabla ya kuwa ya dawa: nani alilazwa kitanda kipi, nani alimhudumia, nani alikaa naye kwenye benchi asubuhi ile. Timu inayopekua madaftari kutafuta majibu hayo inatumia siku, na kila siku ya mlipuko ina gharama ambayo hakuna mhasibu wa hospitali anayeipanga kwenye bajeti.

Umeme ulikuwa kisingizio cha haki kwa muda mrefu. Ngara na Biharamulo zilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, zikiwashwa kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO, na hospitali zikawa na majenereta yao ya ziada. Leo maporomoko ya Rusumo yana mtambo wa megawati 80 unaogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, na njia kubwa ya umeme inatoka hapo hadi Nyakanazi, Biharamulo. Kukatika bado kupo, mtandao wa simu nao hupanda na kushuka kilima kwa kilima. Lakini mifumo inaweza kufanya kazi ndani ya jengo bila intaneti na kutuma taarifa mtandao unaporudi. Mosoriot ilifanya kazi ndani ya jengo zaidi ya miaka ishirini iliyopita kwa kompyuta ambayo leo isingeweza kufungua picha ya simu. Kikwazo cha sasa kipo zaidi kwenye mkono kuliko kwenye waya. Daktari aliyezoea kalamu huona kibodi inamchelewesha, basi anaandika kwenye karatasi na kumwachia mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo aingize jioni. Siku mfumo unapogoma, karatasi za dharura hutolewa kabatini, na mara nyingi hazirudi kabatini.

Halafu kuna siri. Daftari lililofichwa chini ya godoro lilikuwa na ulinzi wake. Kompyuta ya mapokezi yenye neno la siri moja linalotumiwa na zamu zote tatu haina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na mwenye kuzishika anawajibika. Katika mji mdogo ambako karani wa hospitali ni shemeji wa mwenye duka, mgonjwa wa kliniki ya CTC anaielewa sheria hiyo kuliko mwanasheria. Akihisi jina lake linaonekana kwenye kioo, ataacha kuja, au atapanda basi kwenda kuchukulia dawa wilaya nyingine, na nauli hiyo ni gharama iliyozaliwa na kompyuta.

Yote haya yanapata haraka mpya kwa sababu Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, wakati ambapo waliokuwa na bima ya aina yoyote nchini walikuwa karibu asilimia 15 tu. Kama asilimia hiyo imejaza vyumba kwa fomu, hakuna masijala itakayobeba nchi nzima. Mvutano wa Machi 2024, pale baadhi ya hospitali binafsi ziliposimamisha huduma kwa wenye kadi za NHIF zikipinga kitita kipya cha bei, ulionyesha pia kitu kingine: hospitali isiyojua upasuaji mmoja wa uzazi unaigharimu kiasi gani, nyuzi, damu, dawa ya usingizi na saa za watu, haina cha kuweka mezani zaidi ya malalamiko. Mfumo unaoandika kila kilichotumika unampa mganga mkuu hoja yenye tarakimu.

Kompyuta zenyewe hufika kwa sherehe, zikiwa msaada, na picha hupigwa. Kinachofuata ni kifurushi cha intaneti cha kila mwezi, betri zinazochoka, na mshahara wa afisa Tehama ambaye akipata kazi Mwanza hakawii kuondoka. Hospitali ya jimbo la kanisa isiyoweka mambo haya kwenye bajeti yake ya kawaida itarudi kwenye vitabu sita mwaka mradi unapofungwa. Kipimo cha kuamua kama gharama hiyo inalipa hakihitaji mtaalamu kutoka nje. NHIF huirudishia kila hospitali taarifa ya madai yaliyokatwa na sababu zake. Mhasibu wa Rulenge, wa Murgwanza au wa Biharamulo akijumlisha makato ya mwaka wa kabla ya mfumo na ya mwaka baada yake, akatoa gharama za intaneti, betri na mshahara wa huyo afisa, atakuwa na jibu la hospitali yake kwa shilingi, na analo la kumpelekea askofu na mganga mkuu wa wilaya kabla bajeti ijayo haijafungwa.